Muulize Mzee wa Maji: Mto wa Kiingereza na majirani zake wa Mukuru

SWALI: Mzee wa Maji, salamu nyingi. Binti yangu ni muuguzi kusini mwa London, mtaa unaitwa Mitcham. Juzi alinitumia picha ya mto ulio karibu na anakokaa. Kokoto za chini zinaonekana zote, na kuna ndege mweupe amesimama katikati. Anasema mto huo unaitwa Wandle, na kwamba zamani ulikuwa mchafu kuliko Mto Ngong. Mimi nakaa Mukuru, Mto Ngong naupitia kila asubuhi nikienda kazini, na hilo limenishinda kuamini. Mto huo unatoka wapi, na nani aliusafisha? – Mama Muuguzi, Mukuru kwa Njenga

JIBU: Mama, binti yako hajakudanganya, ingawa kwa hilo la “kuliko Ngong” mimi singeapa. Nimestaafu kutoka maabara ya maji, mito ya Nairobi naijua kwa harufu, na Wandle nimeutembelea kwa miguu nilipokwenda kumwona shemeji yangu Carshalton. Swali lako lina mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kwa nini maji yale ni maangavu, na kwa nini yana uhai. Majibu yake hayafanani.

Uangavu ni kazi ya mwamba. Kusini mwa London kuna vilima vinaitwa North Downs, na vilima hivyo ni chaki tupu, mwamba mweupe laini wenye vitundu vidogo mno. Mvua ikinyesha pale haiporomoki juu ya ardhi ikikokota udongo. Inazama, inachujwa polepole huko chini, kisha inabubujika kwenye chemchemi chini ya vilima, pale chaki inapokutana na ardhi isiyopitisha maji. Kwenye chemchemi maji yana joto la nyuzi 10 au 11, iwe kiangazi au wakati wa theluji. Mito ya chaki ni michache duniani, na mingi kati ya hiyo iko Uingereza.

Mito yetu inapita juu ya mawe ya volkeno na udongo mwekundu. Hata tukiziba kila bomba la uchafu, mwezi wa Aprili Mto Nairobi utashuka na rangi ya chai ya maziwa, na hiyo si aibu ya mtu. Ni shamba la mtu wa Kikuyu au Limuru linasafiri kwenda Malindi. Kwa hiyo anayekuonyesha picha ya maji maangavu kama cheti cha ustaarabu, mwambie aanze kuushukuru mwamba.

Wandle wenyewe ni mfupi, yapata kilomita 14, na una vichwa viwili. Kimoja kiko upande wa Croydon, kwenye mabwawa ya Waddon, na kingine kwenye mabwawa ya Carshalton, katikati ya mtaa, bata wakiogelea huku mabasi yakipita. Vinakutana Hackbridge. Kutoka hapo mto unashuka hadi Mitcham kwa binti yako, unaingia Morden Hall Park, unapita Merton na Earlsfield, na ukifika Wandsworth unapitishwa chini ya jengo la maduka kabla ya kumwagika Thames. Ndiyo, mama, hata wao walijenga juu ya mto. Sisi mwaka 2018 tulibomoa majengo kadhaa yaliyokalia kingo za mito, la kwao bado watu wananunua viatu humo.

Pale Merton, Admirali Nelson alinunua nyumba mwaka 1801, na mkondo wa Wandle uliopita bustanini mwake ukaitwa “Nile”, kwa ajili ya vita alivyoshinda Misri mwaka 1798. Niliposimuliwa nilicheka mpaka shemeji akaona haya.

Sasa uchafu. Wandle una mteremko mzuri kwa mto mfupi kiasi hicho, na mteremko ni nguvu ya bure. Vinu vikajipanga kandokando: vya unga, vya shaba, vya karatasi, vya kusagia ugoro. Magurudumu ya vinu vya ugoro pale Morden Hall yalisimama mwaka 1922. Tangu 1803 kulikuwa na reli ya kuvutwa na farasi, kutoka Wandsworth hadi Croydon, kwa ajili ya mizigo ya bonde hilo. Mwaka 1881 William Morris, yule mchoraji wa vitambaa vya maua, alihamishia karakana yake Merton kwa sababu maji ya Wandle yalifaa kufulia na kutia rangi nguo. Baada ya viwanda vikaja watu, na baada ya watu vikaja vyoo. Trauti, samaki wanaopenda maji baridi na safi, walitoweka. Kufikia miaka ya 1960 mto ulihesabiwa rasmi kuwa mfereji wa maji taka, na sehemu yake pale Croydon ikazikwa ndani ya bomba.

Nani aliusafisha? Nitasema ukweli hata kama hauvutii: kwanza, viwanda vingi vilikufa au vilihama vyenyewe. Hilo hulisikii kwenye hotuba. Pili, maji taka yaliwekewa mabomba na mtambo wa kuyasafisha pale Beddington, na sheria ikaanza kuuma. Tatu ndipo wakaja watu wa kujitolea, wanaoingia mtoni na mabuti ya mpira kutoa matairi na vitoroli vya supamaketi. Wanapigwa picha sana, na wanastahili, lakini bila bomba na mtambo wangekuwa wanaokota takataka kwenye choo. Mwaka 2012 hata ile sehemu ya Croydon iliyozikwa ilifukuliwa, ikarudishwa juu kwenye bustani ya Wandle Park.

Na usidhani wamemaliza. Sehemu kubwa ya maji ya Wandle chini ya Beddington ni maji yaliyotoka kwenye mtambo ule. Mwaka 2007 dawa ya klorini iliyotumika kusafishia vifaa vya mtambo ilitoroka ikaingia mtoni, na maelfu ya samaki wakaelea matumbo juu. Kampuni iliyohusika ilishtakiwa, ikatozwa faini.

Kwa hiyo nikisikia wakubwa wakiwalaumu watu wa Mukuru kwamba ndio wanaochafua Ngong, huwa nauliza: bomba la maji taka la mtaa huo liko wapi? Kijana wa kuokota chupa hawezi kuziba pengo la bomba.

SWALI: Mzee, nimesikia Waingereza walirudisha trauti kwenye mto wa mjini. Kwa nini tusiwatie Mto Nairobi? Sisi tuna kikundi cha vijana na tuko tayari. – Kijana wa Korogocho

JIBU: Kijana wangu, hamu yako naipenda, samaki ndiye nimkataaye. Kule Wandle watoto wa shule hulea mayai ya trauti darasani kwenye tangi lililopozwa, kisha huachilia vifaranga mtoni. Huyo ni samaki wa kwao, aliyekuwepo kabla ya vinu. Hapa Kenya trauti aliletwa na wakoloni mwanzoni mwa karne ya 20, na anaishi kwenye mito ya baridi ya Aberdare na Mlima Kenya. Korogocho maji ni ya joto na hayana hewa ya kumtosha. Atakufa kabla hamjamaliza kupiga makofi.

Fanyeni hivi. Nendeni juu, karibu na kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu ambako Mto Nairobi unaanzia, mgeuze mawe. Mkiona watoto wa kereng'ende na kaa wadogo, andikeni. Kisha shukeni na mto, mkigeuza mawe kila mnapoweza kufika salama, na glavu mkononi. Mahali ambapo mnabaki na minyoo myekundu tu, hewa imeisha majini. Tafuteni ni bomba gani limeingia kati ya jiwe hilo na lililotangulia. Ramani hiyo pelekeni kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, mkiwa na tarehe na picha.

SWALI: Mjomba wangu anakwenda London mwezi wa tano na anapenda sana kuvua. Anaweza kuvua Wandle? – Mpwa, Kawangware

JIBU: Mwezi wa tano asahau. Uvuvi wa samaki wengi wa mtoni Uingereza hufungwa kuanzia Machi 15 hadi Juni 15. Hata baada ya hapo lazima awe na leseni ya ndoana, na kuna sehemu zinazohitaji ruhusa ya wenyewe. Akikosa kuvua, kuna njia ya miguu inayofuata mto, Wandle Trail. Aanzie Carshalton ashuke nayo, ndoana aiache nyumbani.