Mtu kaumwa na mbwa: ofisi ngapi zimejua?

SWALI: Asalaam aleykum wahariri. Nasoma stashahada ya afya ya mazingira. Nachunguza jinsi idara ya afya na ya mifugo zinavyoshirikiana dhidi ya kichaa cha mbwa. Kila ofisi najibiwa "tunashirikiana vizuri sana." Nitaupataje ukweli?
Msomaji, Muheza, Tanga

JIBU: Waaleykum salaam. Swali la "mnashirikiana?" liache, hakuna afisa atakayekujibu hapana. Fuata tukio. Chukua watu walioumwa na mbwa kwa mwaka mmoja, na kwa kila mmoja andika tarehe nne: aliyoumwa, aliyofika kituoni, afisa mifugo aliyopata habari, na mbwa aliyotafutwa. Pengo kati ya tarehe ya pili na ya tatu ndilo utafiti wako. Mbwa aliyeuma akiwa hai huwekwa chini ya uangalizi siku 10. Taarifa ikifika wiki ya tatu, imepitwa.

Wagonjwa wa nje wamo kwenye kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa wa vituo vya afya. Upande wa mifugo omba ripoti za mwezi za kata. Kazi hukwama hapa: kituo kinaandika jina la mgonjwa, mifugo wanaweza kuwa na jina la mwenye mbwa tu. Oanisha kwa kijiji na tarehe, ukiachia siku chache huku na huku, kisha mtendaji wa kijiji akuthibitishie. Walioshindwa nauli au bei ya chanjo hawamo kitabuni kabisa. Usipopita vijijini, utahesabu waliofanikiwa tu.

Mihtasari ya kamati ya maendeleo ya kata isome, ila usiitegemee peke yake, kwani kukaa kikao kimoja si kushirikiana. Sisi tunaamini zaidi fedha na vifaa. Mafuta ya pikipiki siku ya kuchanja mbwa yalitoka fungu la idara gani? Chanjo ya mbwa huhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8: ililala kwenye jokofu la nani, na nani alisaini kuipokea? Linganisha pia mbwa waliochanjwa na mbwa waliopo, maana lengo ni asilimia 70, na idadi ya mbwa yenyewe huweza kuwa ya kukisia.

Vibali: barua ya chuo na kibali cha maadili ya utafiti kwanza, ndipo katibu tawala, mkurugenzi wa halmashauri, watendaji. Majina ya wagonjwa yageuze namba.

Ukikutana na aliyeumwa ambaye hajatibiwa au hajamaliza chanjo, usimwandike ukaondoka. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, aende kituoni siku hiyo hiyo, na afisa mifugo apigiwe simu kabla hujatoka hapo.