Ukitaka kuichora upya picha ya mwanamke iliyozoeleka

Wadogo zangu mnaoanza masomo ya sanaa hapa Arusha, najua wengi wenu mtataka kazi ya kwanza ya maana iwe juu ya uanamke: mimi ni nani, na watu wananionaje. Ni mada ninayoipenda sana. Nimewasindikiza wanafunzi wengi wakiifanya, na wote nawaambia jambo moja: msiharakishe kubadilisha picha ambayo bado hamjaitazama.

Chukueni ile ya wanawake wa Kimasai iliyojaa kwenye maduka ya vinyago. Miili mirefu myembamba, shuka nyekundu, jua linazama nyuma yao. Kaa mbele yake na daftari, uinakili kwa penseli mpaka mkono uchoke. Ndipo utakapogundua kwamba mara nyingi hawana nyuso. Shanga zimepangwa moja moja kwa uangalifu, lakini macho hakuna, mdomo hakuna, na mikono imeishia ndani ya shuka. Pambo limeonekana, mtu hakuonekana. Hapo umepata pa kuanzia.

Mwanafunzi mmoja aliacha kila kitu kama kilivyo, akatoa mikono tu nje ya shuka. Mmoja unapitisha shanga kwenye waya, ncha za vidole zimechubuka. Mwingine unahesabu noti. Watu walisimama pale muda mrefu. Kumpachika mama wa Kimasai simu ya mkononi ni kitu kingine kabisa, na kila mwaka yupo anayefanya hivyo. Mtazamaji anacheka na kupita, na kicheko kinamwangukia yule mama.

Na kama wewe si Mmasai, nenda kwa akina mama wanaotunga shanga. Wasalimie, kaa, nunua kitu, uliza hii huvaliwa na nani na lini. Ya msichana na ya aliyeolewa si sawa.

Mtafuteni msanii Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, akakulia Uingereza na kushinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017. Katika kazi yake ya mwaka 1984, Freedom and Change, alichukua wanawake wawili wa mchoraji Mhispania Picasso wanaokimbia ufukweni, mchoro wa mwaka 1922, akawafanya wanawake weusi. Mbio zao alizibakiza. Akaongeza mbwa wanaowatangulia, na nyuma yao vichwa vya wanaume weupe mchangani. Anayemjua Picasso anaitambua picha papo hapo, na kwa kuwa ameitambua, mabadiliko yanamgusa. Ukibadilisha kila kitu, nani atajua unajibu nini?

Mnaotoka Moshi, msiseme kwenu hakuna picha. Yupo mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, Kilimanjaro nyuma yake. Na ipo khanga. Binti mmoja alichora pindo na mji, yaani sehemu ya katikati, kwa ukamilifu, ua kwa ua, akaiacha tupu nafasi ya jina, yale maneno ya khanga. Alipoulizwa, alieleza kwamba khanga zote za mama yake zilikuwa za kupewa, harusini na misibani, na maneno yote yalichaguliwa na wengine. Mimi kazi ile bado naifikiria.

Vifaa visiwatie hofu. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo wa uchoraji unaoitwa kwa jina lake, alianza na vipande vya hadubodi na rangi za baiskeli, na mafundi seremala wengi hawatawanyima mabaki. Modeli ukimkosa, tumia kioo na mwili wako mwenyewe.

Ila ukimchora mama au dada, mwonyeshe kabla kazi haijatundikwa. Akisema sehemu fulani inamvunjia heshima, kaa naye muitazame pamoja, na urekebishe. Akikataa kabisa, usiipeleke kwenye maonyesho, hata kama mwalimu ameisifu.