Majibu mafupi, kinyota na "haitayeyuka"

Kwenye jaribio la mtandaoni, kutunga swali la jibu fupi ni rahisi. Jasho linatoka kwenye orodha ya majibu unayoiwekea kompyuta. Mimi natumia Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo na majaribio mtandaoni, na swali lake la jibu fupi halielewi kitu: linalinganisha herufi za mtahiniwa na zako, kuanzia jibu la kwanza kwenye orodha kushuka chini. Likikuta linalolingana, linatoa alama na kuishia hapo.

Ili usiorodheshe kila namna ya kujibu, unaweza kuweka kinyota (*) kisimame badala ya herufi zozote. Hapo Kiswahili kina mitego yake, maana vitenzi vyetu hubeba mambo mengi mwanzoni. Chukua swali "Barafu ikipata joto itakuwaje?" Nikiandika *yeyuka*, nanasa itayeyuka, huyeyuka, inayeyuka, hata "ita yeyuka" ya mwenye haraka. Lakini "haitayeyuka" nayo inapita na alama zote! Dawa ni kutanguliza *hai*yeyuka* yenye alama sifuri. Nayo ina ubaya wake: aliyejibu "haibaki ngumu, inayeyuka" anaambulia sifuri. Kwa hiyo nalibana swali lenyewe, nikidai neno moja tu. Majibu ya tarakimu nayapeleka kwenye aina ya swali la namba, ambako unaweza kuruhusu tofauti ndogo. Maswali ya "kwa nini" siyaweki kwenye jibu fupi kabisa.

Jaribio likishafanyika, soma majibu yaliyokosa alama kabla ya kutangaza matokeo. Utakuta majibu sahihi ambayo hukuyawazia. Yaongeze kwenye orodha, kisha iamuru Moodle isahihishe upya.

Siku hizi wengi wanakimbilia akili mnemba kusahihisha maswali ya maelezo. Siipingi. Ila kwanza nasahihisha mwenyewe fungu la majibu, na mwenzangu anayasahihisha hayohayo bila kuona alama zangu. Tukipishana sana sisi wawili, swali linarudi kutungwa upya. Mashine haiwezi kulinyoosha. Tukikubaliana, ndipo naipa mashine fungu hilo na kusoma moja moja yale iliyotofautiana nasi. Majibu marefu nayatilia shaka zaidi. Ellis Page, aliyeanza kazi ya kusahihisha insha kwa kompyuta Marekani miaka ya 1960, alitumia hata urefu wa insha kukisia ubora wake, na bado maneno mengi ya kitabuni yanaweza kuipumbaza mashine hata kama hoja haipo.