Mkuu usiache hicho kidonge kabla hujapima CK

Hapana mkuu. Hapana. Nimesoma uzi wako mara mbili na moyo unanidunda. Una miaka 46, daktari kakuandikia atorvastatin ya miligramu 20 (dawa ya kushusha kolestro, ya kundi la statini), jim ndo kwanza wiki ya tatu, mapaja yanauma, treina kakwambia tupa vidonge mazoezi yanatosha, na wewe unauliza kama kasema kweli, kama kidonge kinywewe asubuhi au usiku, mayai ule mangapi na kama nusu marathoni utaiweza. Hayo mengine weka pembeni kwanza. Hicho kidonge usikiache kabla hujapima CK, kipimo cha damu cha misuli, na kurudi kwa daktari.

Mimi nilikiacha. Nilikuwa na miaka 51, LDL, ile kolestro mbaya, inasoma 4.9, na baba yangu moyo ulimchukua akiwa na 58. Daktari akanipa atorvastatin 40, miezi mitatu baadae LDL 2.4. Nikaanza jim, jioni nakimbia Coco Beach, na mapaja yakaanza kuuma hivyohivyo kama yako, ngazi za ofisini napanda nimeshika ukuta. Nikamwambia treina. Jamaa hata hakuuliza kwa nini nimepewa dawa, akasema we unajenga misuli huku dawa inabomoa, akanirushia WhatsApp habari ya utafiti wa Missouri wa 2013, watu 37, wiki 12, waliofanya mazoezi tu pumzi na stamina zao zilipanda kama asilimia 10, waliofanya mazoezi huku wanameza simvastatin 40, statini nyingine, wakapanda asilimia 1.5 tu.

Na utafiti ni wa kweli, ndo kinachoniuma mpaka leo. Ila ulipima stamina kwa wiki 12. Haukupima nani atapata mshtuko wa moyo na nani hatapata. Kuna mwingine wa maveterani wa Marekani, watu 10,043 wenye shida hiihii ya kolestro, vifo vilikuwa vichache zaidi kwa wale waliokuwa fiti NA wanameza dawa. Huo treina hakunirushia.

Nikaacha kimyakimya, daktari hajui, mama watoto hajui. Wiki mbili maumivu yakapungua, nikasema si mnaona. Kumbe wiki hizohizo nilikuwa safari ya kikazi Dodoma, skwati sijagusa hata moja! Misuli ilikuwa imepumzika tu, mimi nikaipa sifa kuacha dawa.

Miezi tisa baadae, Jumapili asubuhi, niko kama kilomita ya sita, kifua kikabana kama mtu kanikalia, taya linavuta, jasho la baridi, nikasema ni gesi nikarudi nyumbani kunywa maji ya moto. Mke wangu ndo alinisukumia kwenye gari. Mshipa wa moyo umeziba, wakapita mkononi wakauzibua wakaweka stenti, na bima nilikuwa sijailipia mwaka ule, kwa hiyo kiwanja changu cha Mkuranga kiliuzwa ndani ya siku nne kwa bei ambayo mpaka leo sipendi kuitaja. LDL siku ile ilikuwa 4.7. Daktari hakunidanganya, alisema huenda mshipa ungeziba hata ningekuwa nameza, ila akanieleza vizuri kwamba kolestro nyingi inatengenezwa na ini lenyewe, kidonge ndo kinalizuia, ukiacha wiki chache tu linarudi kwenye kazi yake. Mazoezi ni mazuri kwa presha, sukari, moyo wenyewe, lakini LDL yanaishusha kidogo. Hiyo 4.9 nisingeikimbiza ikaisha.

Treina alituma emoji ya mikono iliyofumbatwa. Basi. Mtu ambaye hajawahi kushika karatasi yangu ya vipimo anavunja maagizo ya daktari, na wiki hiyohiyo ananiuzia unga wa protini. Nina hasira naye na sitaficha, na nina hasira na kila treina anayegusa dawa za watu. Afundishe skwati.

Sasa CK. Ni kipimo cha damu kinachoonyesha kama misuli inavunjika. Mwambie daktari unafanya mazoezi, upumzike siku kadhaa kabla, maana vyuma vyenyewe vinaipandisha. Ikiwa juu sana, zaidi ya mara kumi ya kawaida, yeye mwenyewe atakusimamishia dawa. Ikiwa kawaida na bado unaumia, kuna kupunguza dozi au kubadilisha, mimi sasa niko kwenye statini nyingine, rosuvastatin 10, na kidonge kingine cha kolestro kisicho statini, ezetimibe, nakimbia, siumwi. Watafiti wa London mwaka 2020 waliwachukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara, wakawapa mwezi huu dawa, mwezi mwingine kidonge bandia, mwingine hawapewi kitu, na asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwenye dawa waliupata na kwenye kidonge bandia. Maumivu ni ya kweli, sikatai, ila mwenye kosa anaweza kuwa mwingine kabisa.

Ila mkojo ukitoka rangi ya Coca-Cola, au miguu ikalegea mpaka kunyanyuka kwenye kiti ni kazi, hapo acha dawa na nenda hospitali usiku huohuo, figo hazisubiri.

Kama hauna hayo, leo meza. Pumzisha hayo mapaja, piga simu kliniki kesho asubuhi, na majibu ya CK yakitoka yaweke hapa, nitakuwepo.