Kabla ya dripu ya kwanza

Nilikuwa kidato cha tatu tezi ziliponivimba shingoni. Kwanza tuliambiwa ni TB, nikameza vidonge miezi miwili. Tezi zilipozidi, kinyama kikakatwa, kikapimwa, jibu likaja: Hodgkin, saratani ya mitoki. Ilikuwa 2006, nina miaka 16. Wiki iliyofuata nilikuwa kitandani, dripu ya dawa za saratani mkononi.

Walituambia nywele zitanyonyoka, nitatapika, nikae mbali na wenye mafua. La uzazi, kwamba dawa zinaweza kuuharibu na kwamba mbegu huweza kuhifadhiwa kabla, halikutajwa. Nikikumbuka hali ilivyokuwa, siwalaumu sana. Mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, na muuguzi aliyetueleza alikuwa rika la shangazi yangu. Nani angeanza kuniuliza habari za shahawa mbele ya mama yangu? Pengine ningekataa kwa aibu. Lakini ningekuwa nimeulizwa.

Nikapona. Ndevu zikaota, sauti ikawa nzito, mambo ya chumbani hayakunisumbua, nikajihesabu mzima. Hapo wanaume wengi tunajidanganya. Ndani ya korodani kuna chembe zinazotengeneza homoni ya kiume, na hizo huvumilia dawa kwa kiasi kikubwa. Zipo nyingine zinazozalisha mbegu, ambazo hugawanyika mfululizo, na dawa nyingi za saratani hushambulia kila kinachogawanyika haraka. Mtu anaweza kuwa na nguvu zote za kiume na shahawa zake zisiwe na mbegu hata moja. Ndevu si ushahidi. Ushahidi ni kipimo.

Mimi nilipima 2019, miezi michache kabla ya kuoa. Maabara haikuwa na chumba cha faragha, ila choo cha wagonjwa wote, basi nikapewa kikopo niende nacho nyumbani nikirudishe ndani ya saa moja, kikiwa na joto la mwili. Nikapanda bajaji kikopo nimekibana kwapani, foleni ya Morocco, hapo Dar es Salaam, haisogei, namsihi dereva apenye pembeni. Akaniuliza kama nawahi ndege. Jibu lilikuwa mstari mmoja: hakuna mbegu iliyoonekana.

Mchumba wangu nilimwambia kabla ya mahari kupelekwa. Wapo walioniona mjinga. Sikutaka ajue baada ya miaka mitatu ya mawifi kumkagua tumbo.

Daktari bingwa aliponipokea, swali lake la kwanza lilikuwa: ulipewa dawa gani, na kiasi gani? Faili langu la zamani halikupatikana. Mama ndiye aliyetuokoa. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na katika kaunta buku lililokaa miaka yote chini ya kanga zake alikuwa ameandika kila kitu kwa mwandiko ule wa ubaoni: “Dripu 2. Sindano ya vinkristin. Vidonge prokabazin, siku 14. Uji nusu kikombe. Katapika mara 3.” Kidole cha daktari kilisimama kwenye prokabazin. Hiyo na saiklofosfamaidi ni za kundi linaloharibu mbegu na mayai kuliko dawa nyingine nyingi, na kinachoangaliwa ni jumla ya dozi zote. Wapo wenye Hodgkin hiyohiyo wanaotibiwa kwa mchanganyiko mwingine, ABVD, ambao kwa upande huu una nafuu kubwa. Kwa hiyo ukisikia “kemo”, yaani hizi dawa za saratani, “inaua kizazi”, uliza kemo ipi. Mionzi nayo, uliza imepigwa wapi: nyonga na korodani si sawa na shingo.

Kama bado uko kwenye matibabu, au unamuuguza mtoto, andika. Usitegemee faili.

Kama dripu haijaanza, uliza leo. Kijana aliyekwisha balehe, kuhifadhi mbegu ni kazi ya siku moja: kikopo, kisha mbegu zigandishwe ndani ya naitrojeni ya kimiminika, baridi kupita kiasi. Hata zikiwa chache zina maana, kwa sababu tangu 1992 ilijulikana huko Brussels kwamba mbegu moja ikichomwa ndani ya yai inaweza kuleta mtoto. Kwa msichana ni safari ndefu zaidi, kama wiki mbili za sindano ndipo mayai yavunwe. Muda usipokuwepo, au akiwa bado mdogo, kipande cha ovari huweza kutolewa na kugandishwa. Mwaka 2004 huko Ubelgiji mwanamke aliyeugua Hodgkin alijifungua kwa njia hiyo. Kwetu huduma hizi haziko kila mahali na bei yake inauma. Na zipo saratani zisizosubiri hata siku mbili. Hapo uhai kwanza, bila mjadala.

Dada zangu, hedhi kurudi ni habari njema, ila mayai yaliyobaki yanaweza kuisha mapema kuliko ya wenzenu, kwa hiyo msikae miaka kumi mkijiamini. Na hedhi kukatika si kinga ya mimba. Dada mmoja tuliyetibiwa pamoja aliambiwa hatazaa, akaacha kujikinga, akajikuta mjamzito wakati daktari bado anamtaka asubiri. Waliopewa ile dripu nyekundu, doksorubisini, wapime moyo kabla ya kubeba mimba.

Mimi nilirudia kipimo baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mbegu mpya huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa. Zikaonekana chache, za kuhesabika. Kiwanja cha Kibaha kikauzwa kulipia matibabu ya kupata mtoto, na binti yetu sasa ana miaka mitatu. Katikati nilishauriwa mizizi ya kusafisha kizazi, na jamaa wa jimu akaniletea sindano za testosteroni. Hizo msiziguse: homoni ya kutoka nje huuambia mwili uache kutengeneza mbegu. Mama mkwe alichouliza ni kama mtoto atarithi ugonjwa. Saratani nyingi za utotoni hazirithiwi. Zipo chache, kama ile ya jicho, ambazo huweza kupita kwenye familia.

Mwezi uliopita mama mmoja jirani alinipigia simu. Mwanawe ana miaka 15, dripu inaanza Jumatatu, na yeye hajui aanzie wapi kumwambia. Nikaenda, nikamwomba atuache kidogo. Kijana alisikiliza akiangalia sakafu, kisha akauliza kama mama yake ataingia naye humo chumbani. Nikamwambia fomu atasaini mama, mlango utaufunga wewe.

Mama aliporudi na chupa ya maji, akajifanya kuuliza tulikuwa tunaongea nini.

“Mpira,” kijana akajibu.