Chokaa na samadi kwa pamoja kwenye alizeti ya nyuki?

Mkuu, umeuliza kama unaweza kumwaga chokaa na samadi siku moja kwenye kishamba cha alizeti na kunde unachoandaa karibu na mizinga yako huko Sikonge, mkoani Tabora. Usifanye hivyo, hasa kama samadi ni mbichi. Chokaa ikigusana nayo, naitrojeni inageuka amonia na kupotelea hewani. Ile harufu inayochoma pua ndiyo mbolea yako inaondoka.

Pima udongo kwanza. pH (kipimo cha tindikali; ikishuka, udongo una tindikali zaidi, na chokaa ndiyo huipunguza) ikiwa chini ya 5.5, mwaga chokaa ya kilimo (siyo ya kupaka nyumba, hiyo ni kali) mapema kabla ya kupanda, uichanganye na udongo kina cha sentimita 15 hivi. Udongo wa kichanga, ambao Tabora uko mwingi, hautaki chokaa nyingi kama mfinyanzi. Ukizidisha, mmea unakosa zinki na chuma.

Samadi iliyooza, ile nyeusi inayopukutika mkononi bila kunuka, iweke kwenye mashimo mvua zikikaribia. Hapo usibanie kabisa, maana mchanga haushiki maji. Kunde zenyewe hazisumbuliwi sana na tindikali, alizeti ndiyo inayodeka.