Kikokotoo cha PSSSF: kwa nini mkupuo wangu ni mdogo kuliko wa mwenzangu?

Swali

Mimi ni mwalimu wa sekondari katika halmashauri. Niliajiriwa tarehe 1 Machi 1995, na nitafikisha miaka 60 mwishoni mwa Februari 2027. Zamani nilikuwa mwanachama wa PSPF, mmoja wa mifuko iliyounganishwa kuwa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma Tanzania. Mwenzangu aliyestaafu mwaka 2021, muda wa utumishi kama wangu na mshahara wa mwisho 1,600,000, alipata mkupuo (malipo ya mara moja ya kustaafu) wa zaidi ya shilingi milioni 100. Mimi nimeambiwa nitapata kama milioni 60. Je, naibiwa? Pili, taarifa yangu ya michango inaanza Julai 1999, na ndani yake kuna pengo la miezi 14 baada ya kuhama halmashauri. Tatu, nilikaa na mshahara wa 1,450,000, na sasa nimepandishwa daraja na nitalipwa 1,600,000 kwa miezi 12 ya mwisho. Je, mshahara huo mpya utahesabiwa?

Jibu

Mwalimu, kwa makadirio ya milioni 60 huibiwi. Lakini hiyo miezi 14 unaweza kuipoteza usipoifuatilia mapema, na kwa bahati mbaya ndiyo uliyoitaja kwa kifupi kuliko yote. Tuanze na hesabu, maana ukishaijua utaweza kuipima kila karatasi utakayopewa.

Kanuni ya kukokotoa mafao inayokuhusu, yaani kikokotoo, ina vitu vitatu: idadi ya miezi ya utumishi unaohesabika, wastani wa mshahara wa mwaka kwa miaka mitatu bora ndani ya miaka kumi ya mwisho kabla ya kustaafu, na namba za kikokotoo chenyewe. Unachukua wastani huo, unazidisha kwa miezi, unagawa kwa 580. Jibu lake ni pensheni kamili ya mwaka. Hiyo ndiyo inayokatwa vipande viwili: asilimia 40 inageuzwa kuwa mkupuo kwa kuzidishwa mara 12.5, na asilimia 60 inayobaki inagawanywa kwa 12 kuwa pensheni ya kila mwezi.

Kwa takwimu zako: miaka miwili ya 1,450,000 na mmoja wa 1,600,000 inatoa wastani wa 1,500,000 kwa mwezi, yaani 18,000,000 kwa mwaka. Miezi kutoka Machi 1995 hadi Februari 2027 ni 384.

18,000,000 × 384 ÷ 580 = 11,917,241
Mkupuo: 11,917,241 × 40% × 12.5 = 59,586,207
Pensheni ya mwezi: 11,917,241 × 60% ÷ 12 = 595,862

Utaona mkupuo ni pensheni ya mwezi mara 100 kamili. Si bahati, ndivyo namba za 40, 60 na 12.5 zinavyokaa, kwa hiyo ni njia ya haraka ya kukagua. Ukipewa karatasi ambayo mkupuo si mara 100 ya pensheni ya mwezi, uliza umewekwa kundi gani. Uwiano wa karibu mara 81 maana yake umepigiwa asilimia 35, na wa karibu mara 74 maana yake wametumia asilimia 33 ya kanuni iliyotangulia.

Makundi hayo yametokana na historia. Mwaka 2018 mifuko minne, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa kuwa PSSSF. Kanuni mpya za mwaka huo ziliweka mkupuo wa asilimia 25, watumishi wakalalamika sana, na Desemba 2018 Rais Magufuli akazisitisha. Kwa hiyo waliostaafu kabla ya Julai 2022, akiwemo mwenzako, walilipwa kwa vikokotoo vya mifuko yao ya zamani. Tarehe 1 Julai 2022 ikaja kanuni moja kwa wote, asilimia 33. Bajeti ya 2024/25 ikarekebisha tena: waliokuwa wanapata asilimia 50 kwenye mifuko ya zamani, yaani watu wa PSPF na LAPF, wakapandishwa kutoka 33 hadi 40, na waliokuwa kwenye 25 zamani wakatoka 33 hadi 35. Wewe uliyetoka PSPF uko kwenye 40. Hakikisha mfuko wako wa awali umeandikwa sawasawa kwenye taarifa yako.

Sasa mwenzako. Kikokotoo cha PSPF ya zamani kiligawa kwa 540, kikatumia mshahara wa mwisho badala ya wastani, kikatoa asilimia 50 na kuizidisha mara 15.5. Mshahara wa 1,600,000 na miezi 384 vinatoa mkupuo wa 105,813,333 na pensheni ya mwezi ya 568,889. Kwa hiyo mkupuo wako ni mdogo kwa milioni 46 na ushee, ila pensheni yako ya mwezi inamzidi yeye kwa karibu 27,000.

Ukizifuata hizo milioni 46 moja moja, kushuka kutoka 50 hadi 40 kunaondoa milioni 21. Kushuka kutoka 15.5 hadi 12.5 kunaondoa milioni 16 nyingine. 580 badala ya 540 inachukua milioni 4.7, na wastani badala ya mshahara wa mwisho inachukua karibu milioni 4. Mijadala mingi ya vijiweni hukaa kwenye asilimia tu, huku ile 12.5 ikipita kimyakimya. Kwa maoni yangu ndiyo iliyostahili maswali zaidi, kwa sababu ndiyo bei ambayo Mfuko unanunulia pensheni yako. Kila shilingi ya pensheni ya mwaka unayoiachia, unalipwa shilingi 12.50 papo hapo. Maana yake ukiishi zaidi ya miaka 12 na nusu baada ya kustaafu, ulichokiachia kinazidi ulichopokea. Pensheni yenyewe haikomi kwenye 12.5, unalipwa maisha yako yote. Wapo wastaafu wanaoamini kinyume na kwenda kukopa kwa hofu hiyo.

Nyongeza ya kutoka 33 hadi 40 nayo haikuja bure. Kwa takwimu zako, asilimia 33 ingekupa mkupuo wa 49,158,621 na pensheni ya 665,379 kwa mwezi. Umeongezewa milioni 10.4 mkononi, umepunguziwa karibu 69,500 kila mwezi.

Taarifa inayoanza Julai 1999

Hapa usishtuke. PSPF ilianza kupokea michango Julai 1999. Kabla ya hapo mtumishi wa serikali hakuwa anakatwa. Hazina ndiyo iliyobeba malipo ya uzeeni, na deni la utumishi wa miaka hiyo likabaki kwa Serikali, ndiyo maana mwaka 2021 iliulipa Mfuko hatifungani maalumu isiyo taslimu (hati ya deni ambayo Serikali itailipa baadaye) ya shilingi trilioni 2.17. Miezi yako 52 ya Machi 1995 hadi Juni 1999 haitaonekana kama michango, lakini inahesabika kama utumishi.

Kinachoithibitisha ni makaratasi: barua ya ajira ya kwanza yenye maneno “masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni”, na barua ya kuthibitishwa kazini. Ukipoteza ya kuthibitishwa, hapo ndipo mafaili hukaa mezani miezi. Omba nakala kwenye jalada lako la halmashauri na la Tume ya Utumishi wa Walimu wilayani sasa hivi, usingoje barua ya kustaafu. Miezi hiyo 52 peke yake ina thamani ya mkupuo wa 8,068,966 na pensheni ya 80,690 kwa mwezi.

Pengo la miezi 14

Kila mwezi mmoja unaokosekana unakupunguzia 155,172 kwenye mkupuo na 1,552 kwenye pensheni ya kila mwezi. Mara 14, ni 2,172,414 mkononi na 21,724 kila mwezi hadi mwisho wa maisha.

Mapengo ya namna hii mara nyingi huwa na moja ya sababu tatu. Michango ilikatwa lakini ikaingia kwenye namba nyingine ya uanachama, hasa kama jina liliandikwa tofauti halmashauri mpya (Mwanaidi akawa Mwanaid, jina la kati likaachwa). Au mshahara ulisimama wakati wa uhamisho, ukalipwa baadaye kama malimbikizo bila michango kufuata. Au ulilipwa kwa muda na mapato ya ndani badala ya Hazina, na mwajiri hakuwasilisha.

Tafuta slipu za mshahara za miezi hiyo na uangalie mstari wa makato ya mfuko. Kama asilimia 5 yako ilikatwa, una ushahidi: mwajiri aliwajibika kuwasilisha asilimia 20, yaani 5 yako na 15 yake. Andika barua kwa Mkurugenzi wa halmashauri iliyokuwa mwajiri wako kipindi hicho, si ya sasa, nakala kwa ofisi ya PSSSF ya mkoa, ukiambatanisha slipu na taarifa ya michango yenye pengo. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Kama slipu zimepotea, omba orodha za malipo za miezi hiyo kwa mhasibu wa mishahara. Likizo bila malipo ni kesi tofauti: huko hakuna mshahara, na hakuna cha kudai.

Daraja jipya

Litahesabiwa, ila kwa theluthi tu, kwa sababu ni mwaka mmoja kati ya mitatu. Bila kupanda mkupuo wako ungekuwa 57,600,000 na pensheni 576,000, hivyo miezi hiyo 12 imekuongezea karibu milioni 2 na 19,862 kwa mwezi. Kama barua inasema daraja limeanza tarehe ya nyuma, fuatilia malimbikizo na pia marekebisho ya michango kabla hujatoka kazini. Ungekuwa kwenye 1,600,000 miaka yote mitatu, mkupuo ungefika 63,558,621. Kinachoingia kwenye hesabu ni mshahara tu, posho hazimo. Mkopo wa benki unaopunguza unachopokea mkononi hauna athari yoyote kwenye wastani.

Kabla ya Februari 2027

Toa taarifa ya kustaafu miezi sita kabla, ili kibali kipitie Tume ya Utumishi wa Walimu kwa wakati. Linganisha tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho cha NIDA na ile uliyoandika ulipoajiriwa. Inayotumika ni ile ya ajira ya kwanza, na hati ya kiapo ya kuibadilisha sasa haitakusaidia. Jina kwenye akaunti ya benki lifanane na la NIDA, herufi kwa herufi.

Gharama za kukusafirisha wewe, familia na mizigo hadi nyumbani kwenu unamdai mwajiri, si Mfuko. Idai ukiwa bado ofisini, maana ukishaondoka inakuwa safari ya kila mwezi kwenda kwa mweka hazina.

Ukishaanza kulipwa, kuna uhakiki wa wastaafu, ambao siku hizi unafanyika kwa simu kupitia programu ya PSSSF Kiganjani kwa kupiga picha ya uso. Usipohakikiwa pensheni husimamishwa hadi ujitokeze. Na atakayekupigia akitaja jina lako, shule yako na kiasi cha mkupuo wako, halafu akaomba “ada ya kuharakisha faili”, ni tapeli hata akijua hayo yote. Malipo ya mafao hayana ada.